Nikiwasha Seva ya Muziki, Nyumba Nzima Inakosa Intaneti

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Tanga. Ninakuandikia kuhusu tatizo ambalo limetusumbua nyumbani kwa miezi mitatu sasa, na ambalo limeanza kuleta maneno kati yangu na watu wa nyumba yangu, kwa sababu kila mmoja anaona kwamba chanzo chake ni mimi na muziki wangu.

Marehemu baba yangu aliacha santuri zaidi ya mia mbili, nyingi zikiwa za taarabu na dansi za hapa hapa Tanga, za Black Star, Lucky Star, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Nilipostaafu nilizisafisha moja baada ya nyingine, nikazipiga kwenye gramafoni yenye waya wa USB na kuziingiza kwenye kompyuta, kazi iliyonichukua karibu miaka miwili. Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa kompyuta, alinitengenezea seva ya kuzihifadhi na kuzipiga. Ni ile kompyuta ndogo inayoitwa Raspberry Pi 4, imeunganishwa na diski ya nje ya USB, na waya wake wa mtandao umechomekwa kwenye ruta ya intaneti. Sebuleni imeunganishwa moja kwa moja na amplifaya, na vyumbani tunasikiliza kwa simu. Aliifunga miaka minne iliyopita, akahamia Mwanza kikazi, na tangu wakati huo haikuwahi kunipa shida hata siku moja.

Miezi mitatu iliyopita umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, ruta ikaungua. Kampuni inayotuletea intaneti ya faiba ikatupatia ruta mpya, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Seva ikiwa imezimwa, intaneti ni nzuri siku nzima. Nikiiwasha, baada ya muda mfupi watu wanaanza kulalamika. Jambo linalonishangaza ni kwamba hatukosi sote kwa pamoja. Mara nyingi simu yangu inapiga muziki vizuri lakini ujumbe wa WhatsApp hauendi, na wakati huo huo binti yangu, ambaye anasoma chuo kwa njia ya mtandao, ana intaneti kamili lakini akitaka kusikiliza wimbo anaambiwa seva haipatikani. Baada ya dakika kadhaa mambo yanageuka, mimi napata intaneti na yeye anaikosa. Sebuleni muziki haukatiki hata kidogo. Tukizima ruta na kuiwasha, intaneti inarudi kwa kila mtu, tunakaa kwa raha kwa muda, kisha inaanza tena. Nimeona pia kwamba redio za intaneti, ambazo zamani nilizisikiliza kupitia seva hiyo hiyo, tangu ruta mpya ije hazilii kabisa, hata dakika moja.

Fundi wa kampuni alikuja, akapima kasi seva ikiwa imezimwa, akasema ruta ni nzima. Muuza vifaa mmoja mjini akaniambia seva inakula intaneti yote, kwa hiyo ninunue kifurushi kikubwa zaidi. Mwingine akanishauri ninunue swichi ya mtandao ili seva isichomekwe moja kwa moja kwenye ruta. Mke wangu naye anasema simu yake, ambayo ni ya zamani, hushindwa kushika Wi-Fi hasa pale ninapoingiza nyimbo mpya kwenye diski, hata akiwa amekaa pale pale sebuleni. Kwa sasa kila intaneti inapopotea ninachomoa waya wa umeme wa seva na kumwachia binti yangu asome.

Ili usilazimike kuniuliza, nimenakili maandishi yaliyopo kwenye vifaa. Chini ya ruta kuna kibandiko kilichoandikwa anwani ya kuingilia 192.168.1.254, pamoja na jina na nywila ambazo sikuona vyema kuziandika hapa. Juu ya kasha la seva kuna karatasi aliyoibandika mpwa wangu, imeandikwa: «Seva ya Mjomba. 192.168.1.254:9000. Lango 192.168.1.1.» Ruta, seva na diski vyote vimekaa kwenye kabati la televisheni, diski ikiwa juu ya ruta kwa sababu ya ufinyu wa nafasi.

Je, niongeze kifurushi, nibadilishe ruta, au niachane na seva na kurudi kwenye santuri zenyewe, ambazo baadhi yake zimeshachakaa kiasi cha kutopigika tena?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

JIBU

Shikamoo, Mwalimu.

Usiachane na seva, usinunue ruta nyingine, na usiongeze kifurushi. Chanzo cha tatizo lako kimo ndani ya barua yako, na umekiandika mara mbili kwa mkono wako mwenyewe: mara ya kwanza uliponakili kibandiko cha ruta, na mara ya pili uliponakili karatasi ya mpwa wako. Kote kuwili kuna 192.168.1.254. Vifaa viwili vilivyo kwenye mtandao mmoja vinatumia anwani moja, na yote uliyoyaeleza, isipokuwa lile la redio za intaneti na lile la simu ya mke wako, yanatokana na jambo hilo.

Naomba kwanza nikueleze namna ninavyoamini jambo hili lilitokea, kwa sababu mpwa wako hakufanya kazi mbaya. Ruta yenu ya zamani ilikuwa na anwani 192.168.1.1, na ndiyo maana aliandika kwamba lango, yaani mahali pa kutokea kwenda kwenye intaneti, ni hilo. Kwa kuwa seva inatakiwa ipatikane mahali pale pale kila siku, aliipa anwani ya kudumu, na ili isigongane na simu na kompyuta zinazopewa anwani na ruta kuanzia namba za chini, alichagua namba ya mwisho kabisa inayoruhusiwa katika mtandao wa namna hiyo, yaani 254. Mafundi wengi hufanya hivyo, na kwa ruta ile ilikuwa sahihi. Lakini watengenezaji wa ruta hawafuati desturi moja: wengine huipa ruta namba ya kwanza, wengine huipa namba ya mwisho. Ruta mpya ilikuja na 254 kama anwani yake yenyewe, ikaikuta seva imeshakaa hapo kwa miaka minne, na hakuna aliyeambiwa ahame.

Wewe umefundisha, kwa hiyo utalielewa hili haraka. Simu inapotaka kutoka kwenda kwenye intaneti, inajua tu kwamba lango lake ni 192.168.1.254. Inauliza kwa sauti mbele ya mtandao mzima: nani mwenye anwani hiyo? Ni kama mwalimu anayeita «Juma!» darasani wakasimama wawili. Mmoja wao ndiye atakayeaminiwa, na simu itaendelea kumwamini huyo kwa muda bila kuuliza tena. Ikiwa imemwamini Juma wa ruta, itapata intaneti, lakini ikiomba wimbo itaipelekea ruta ombi hilo, na ruta haina muziki. Ikiwa imemwamini Juma wa seva, itapata muziki, lakini ujumbe wa WhatsApp utapelekwa kwenye seva, ambayo haijui la kuufanyia, nao utaishia hapo. Kumbukumbu hiyo ikiisha muda, simu huuliza upya, na safari hii huenda akaaminiwa mwingine. Ndiyo maana wewe na binti yako mnapokezana, na ndiyo maana fundi aliyepima seva ikiwa imezimwa hakuona kasoro yoyote, maana kwa wakati huo darasani alikuwamo Juma mmoja tu.

Mambo mengine matatu uliyoyaona yanathibitisha hilo. Kuzima na kuwasha ruta kunasaidia kwa muda kwa sababu ruta inapoamka hutangaza anwani yake kwa vifaa vyote, navyo humwamini mtangazaji wa karibuni. Sebuleni muziki haukatiki kwa sababu seva imeungwa na amplifaya kwa waya wake yenyewe, hivyo haihitaji kumuuliza mtu yeyote anwani. Na redio za intaneti zimenyamaza kabisa, hata nyakati ambazo nyumba nzima ina intaneti, kwa sababu seva bado inatafuta lango la zamani, 192.168.1.1, ambalo liliungua pamoja na ruta ile. Nakushukuru sana kwa kulitaja hili la redio. Bila hilo ningeweza kudhani kwamba kuna kifaa kinachoujaza mtandao kwa ujumbe mwingi kupita kiasi, jambo ambalo nalo hutokea kwenye nyumba zenye seva za muziki, na ningekutuma kuchunguza upande usiohusika.

Kuhusu kifurushi, hesabu yenyewe inatosha kukutuliza. Muziki wenye ubora wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli ina biti 16, na kuna chaneli mbili, kushoto na kulia. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani chini kidogo ya megabiti moja na nusu, na faili zikishabanwa kwa mfumo wa FLAC kiasi hicho hupungua zaidi. Tena biti hizo haziendi kwenye faiba kabisa. Zinatoka kwenye seva, zinapita ndani ya ruta, zinaingia kwenye simu iliyo chumbani, na kampuni ya intaneti haizihesabu wala haizioni. Hata waya wa faiba ukikatwa barabarani, muziki wako utaendelea kusikika vyumbani. Swichi nayo isingekusaidia, kwa kuwa swichi huongeza matundu ya kuchomekea waya katika mtandao ule ule, na hao wawili wenye jina moja wangebaki darasani pamoja.

Kabla ya kurekebisha, nakuomba sana uache kuchomoa waya wa umeme wa seva. Kompyuta hiyo huandika kwenye kadi yake ndogo ya kumbukumbu na kwenye diski hata wakati unapodhani imetulia, na kukatiwa umeme katikati ya kuandika kunaweza kuharibu kadi, au, jambo baya zaidi, kuharibu orodha ya faili za diski iliyobeba kazi yako ya miaka miwili. Intaneti ikipotea, chomoa waya wa mtandao unaotoka kwenye seva kwenda kwenye ruta, ule wenye kichwa cha plastiki chenye kishikizo kidogo cha kubonyeza. Matokeo kwa binti yako yatakuwa yale yale, na seva itabaki salama. Tena, kabla hujagusa chochote, nunua diski ya pili na unakili santuri zote humo, kisha uihifadhi mbali na kabati hilo. Umesema mwenyewe kwamba baadhi ya santuri hazipigiki tena, maana yake kwa nyimbo hizo nakala iliyo kwenye diski ndiyo pekee mliyobaki nayo.

Sasa tuthibitishe. Chomoa waya wa mtandao wa seva, chukua kompyuta mpakato ya binti yako ikiwa ni ya Windows, fungua dirisha la kuandikia amri kwa kutafuta neno cmd, andika arp -a na ubonyeze Enter. Utaona orodha fupi. Tafuta mstari unaoanza na 192.168.1.254, na mbele yake utaona jozi sita za namba na herufi zilizotenganishwa kwa vistari. Hizo ndizo alama za kifaa chenyewe, ambazo huwekwa kiwandani na ambazo vifaa viwili havipaswi kufanana. Ziandike kwenye karatasi. Hizo ni za ruta. Kisha rudisha waya wa seva, zima Wi-Fi ya kompyuta na kuiwasha tena ili isahau iliyoyajua, kaa dakika chache, na uandike amri ile ile. Irudie mara kadhaa ndani ya nusu saa. Utafika wakati ambapo anwani itakuwa ile ile 192.168.1.254 lakini jozi zilizo mbele yake zimebadilika. Kwenye Raspberry Pi 4 jozi tatu za mwanzo aghalabu huwa dc-a6-32 au e4-5f-01. Ukiziona hizo zimekaa mahali pa ruta, utakuwa umemwona kwa macho yako Juma wa pili akisimama.

Kuna njia mbili za kurekebisha. Ya kwanza ni kuirudisha ruta kwenye namba ya zamani. Ukiwa umechomoa waya wa seva, fungua kivinjari, andika 192.168.1.254, uingie kwa jina na nywila zilizo kwenye kibandiko, utafute sehemu iliyoandikwa LAN, ubadilishe anwani ya ruta iwe 192.168.1.1, na uhakikishe kwamba anwani ambazo ruta inavigawia vifaa vingine, katika sehemu inayoitwa DHCP, zinaishia chini ya 254, tuseme 200. Hifadhi, isubiri ruta ijiwashe upya, kisha rudisha waya wa seva. Uzuri wa njia hii ni kwamba karatasi ya mpwa wako inakuwa sahihi tena neno kwa neno: seva iko 254, lango liko 1, na redio za intaneti zinarudi bila wewe kuigusa seva. Tatizo lake ni kwamba baadhi ya kampuni huifunga sehemu hiyo ili mteja asiibadilishe, na hata ikifunguka, siku ambayo fundi ataibonyeza ruta irudi katika hali ya kiwandani, 254 itarejea na ugomvi utaanza upya, pengine wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka sababu.

Kwa hiyo mimi ningechagua njia ya pili, ingawa inahitaji uvumilivu zaidi: kuifanya seva ipokee anwani kutoka kwenye ruta kama vifaa vingine vyote, halafu kuiagiza ruta iitengee anwani moja isiyobadilika. Iunganishe seva na televisheni kwa waya wa HDMI, ukikumbuka kwamba Raspberry Pi 4 hutumia kichwa kidogo cha HDMI na si kile kikubwa cha kawaida, na uchomeke kibodi ya USB. Waya wa mtandao ubaki umechomolewa. Mpigie simu mpwa wako akutajie jina na nywila ya kuingilia, na ikiwezekana abaki kwenye simu mkifanya kazi pamoja. Kwa mfumo uliofungwa miaka minne iliyopita, anwani ya kudumu kwa kawaida huandikwa katika faili moja, ambalo utalifungua kwa kuandika sudo nano /etc/dhcpcd.conf. Shuka hadi mwisho wa faili. Utaona mstari wa interface eth0, na chini yake mistari inayoanza na neno static, mmoja ukiwa na 192.168.1.254/24 na mwingine ukiwa na 192.168.1.1. Weka alama ya # mwanzoni mwa kila mmoja wa mistari hiyo, ikiwa ni pamoja na ule wa interface. Usiifute, kwa sababu alama hiyo inatosha kuifanya isisomwe, na ukikosea unaweza kuiondoa. Hifadhi kwa kubonyeza Ctrl na O, kisha Enter, toka kwa Ctrl na X, na uandike sudo reboot. Ikiwa mpwa wako aliuhuisha mfumo hadi toleo lililotoka mwaka 2023 au la baadaye, faili hilo halitumiki tena. Badala yake andika sudo nmtui, ufungue muunganisho wa waya, na katika sehemu ya IPv4 uchague Automatic badala ya Manual, na ufute namba za zamani zilizoandikwa hapo.

Seva ikishawaka, rudisha waya wa mtandao na uingie kwenye ukurasa wa ruta. Katika orodha ya vifaa vilivyounganishwa utaiona Raspberry Pi pamoja na jozi zake sita. Tafuta sehemu ya kutenga anwani, ambayo huwa karibu na DHCP, uoanishe jozi hizo na namba utakayoichagua, kwa mfano 192.168.1.50, kisha uiwashe seva upya. Namba 9000 iliyo mwishoni mwa karatasi ni mlango ambao kwa kawaida hutumiwa na programu ya Lyrion Music Server, iliyojulikana kama Logitech Media Server hadi mwaka 2024, nayo haibadiliki. Kwa hiyo kwenye simu zote, mahali palipoandikwa 192.168.1.254:9000 mtaandika 192.168.1.50:9000. Nakuomba karatasi iliyo juu ya kasha uibadilishe siku hiyo hiyo, na uandike pia tarehe na ruta iliyopo, kwa sababu fundi wa kesho ataiamini karatasi hiyo kama nilivyoiamini mimi.

Sasa simu ya mke wako. Hilo ni tatizo jingine kabisa, na lingebaki hata baada ya anwani kurekebishwa, kisha nyote mngedhani kwamba dawa haikufanya kazi. Yeye yuko sahihi kabisa katika alichokiona. Vifaa vya USB 3.0, vinapopitisha data, hutoa mawimbi ya redio yanayoangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na kampuni ya Intel ililieleza jambo hili katika waraka wake wa mwaka 2012. Masafa hayo hayo ndiyo yanayotumiwa na Wi-Fi ya simu za zamani, ambazo nyingi hazina uwezo wa kutumia gigahezi 5. Diski yako imelala juu ya ruta, na unapoingiza nyimbo mpya inafanya kazi kwa nguvu zake zote, kwa hiyo ruta haiwezi kuisikia sauti dhaifu ya simu ile kwa sababu ya kelele iliyo kwenye paa lake. Simu yako na ya binti yako, ikiwa zinatumia gigahezi 5, hazisikii kelele hiyo, na ndiyo maana mke wako amelalamika peke yake.

Iondoe diski juu ya ruta, na kama nafasi ipo itenganishe kwa mita moja au zaidi, pamoja na waya wake. Kama nafasi haipo, tazama seva yako kwa pembeni: ina matundu manne ya USB, mawili yana ulimi wa buluu na mawili yana ulimi mweusi. Ya buluu ni USB 3.0, meusi ni USB 2.0. Izime seva kwa utaratibu kupitia menyu yake, hamishia diski kwenye tundu jeusi, uiwashe tena. Kunakili faili kutachukua muda mrefu kuliko sasa, lakini USB 2.0 imewekewa kiwango cha megabiti 480 kwa sekunde, na hata kama diski itafikia nusu yake tu, muziki wako hauhitaji hata megabiti mbili. Hiyo ni nafuu ya bure kabisa, na mke wako ataiona jioni hiyo hiyo. Isitoshe, ruta iliyolaliwa na diski ndani ya kabati lililofungwa, katika joto la Tanga, haipumui, kwa hiyo kuiachia nafasi kutaisaidia pia kudumu.

Fanya kazi hizi kwa siku mbili tofauti, uanze na anwani, kisha siku ya pili uhamishe diski, ili ujue kila badiliko limeleta nini. Ukishamaliza la anwani, jaribio lenyewe ni hili: wewe na binti yako mkae pamoja kwa saa nzima, kila mmoja akipiga wimbo kutoka kwenye seva huku akituma ujumbe, mkizima na kuwasha ruta mara moja katikati. Kisha fungua redio moja ya intaneti kupitia seva. Ikilia, ujue seva imelipata lango jipya. Ikiwa yote mengine yametengemaa na redio bado imenyamaza, basi katika faili lile umebaki mstari wa static routers bila alama ya #. Na ikiwa intaneti itaendelea kupotea hata baada ya hapo, niandikie ukininakilia mambo matatu: mstari wa 192.168.1.254 kutoka arp -a seva ikiwa imechomolewa, mstari huo huo seva ikiwa imeunganishwa, na anwani ambayo ukurasa wa ruta unaonyesha kwamba seva imepewa.